Kuiga si Kuigiza: Somo la Maigizo na Mtoto wa Shule ya Msingi

Katika mhadhara alioutoa mwaka 1933 kuhusu michezo ya watoto, mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alirejea kisa kilichokuwa kimesimuliwa kabla yake na mwanasaikolojia James Sully wa Uingereza. Ndugu wawili wa kike, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 7, waliambiana siku moja: sasa tucheze mchezo wa kuwa ndugu. Kwa haraka haraka mchezo huo unaonekana hauna maana, kwa kuwa walikuwa ndugu tayari na hapakuwa na lolote la kujifanya. Hata hivyo, walipoanza kuucheza mwenendo wao ulibadilika. Walitaka wavae sawa, wakashikana mikono, wakazungumza kwa namna ya kuwatenga na watu wengine, kana kwamba kila mmoja anajiuliza undugu ni kitu gani hasa na unaonekanaje. Jambo waliloliishi kila siku bila kuliona liligeuka kuwa kanuni ya kufikiriwa na kufuatwa.

Kisa hiki kinabeba sehemu kubwa ya hoja yangu kuhusu elimu ya maigizo kwa watoto wa shule ya msingi. Wasichana wale hawakuwa na mtu wa kumwiga, hakuna aliyewaandikia maneno, wala hapakuwa na hadhira. Walikuwa wakiigiza. Kitenzi "kuigiza" kimezaliwa na "kuiga", lakini katika sanaa mtoto huyu amekwenda mbali na mzazi wake. Anayeiga hufuata kielelezo kilicho mbele yake na hupimwa kwa jinsi alivyokikaribia. Anayeigiza humpa uhai mtu asiyekuwepo, ndani ya mazingira ya kudhaniwa, na hulazimika kuamua kwa niaba ya mtu huyo: aseme nini, anyamaze wapi, amwogope nani. Ninaamini kwamba katika shule nyingi kinachoitwa somo la maigizo ni kuiga kulikopewa jina la heshima, na kwamba mtoto ananyimwa kile ambacho sanaa hii ingempa.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Siku ya sherehe ya shule inapokaribia, mwalimu huchagua mchezo mfupi au huuandika mwenyewe, kisha huwateua watoto wenye sauti kubwa na kumbukumbu nzuri. Wateule hukariri. Mwalimu huwaonyesha pa kusimama, wakati wa kuinua mkono, neno la kukaziwa na uso wa kukunja wanapofika kwenye huzuni. Akikosea mtoto, mwalimu hulitamka neno mwenyewe na kumtaka alirudie vilevile. Darasa lililobaki hukaa pembeni kwa majuma kadhaa, likiambiwa linyamaze. Siku ikifika wazazi hupiga makofi, na makofi hayo ni ya haki, kwa maana watoto wamejitahidi na mwalimu amejinyima muda wake wa mapumziko. Lakini tujiulize kwa uaminifu: katika majuma yote hayo, ni uamuzi gani mmoja ambao mtoto aliufanya? Maneno yalikuwa ya mtu mwingine, lafudhi ya hisia ilikuwa ya mtu mwingine, hata hatua za miguu zilipangwa. Kilichofunzwa hapo ni utii na kukariri, mambo ambayo shule ina vipindi vingine vingi vya kuyafunza.

Lalamiko hili si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Harriet Finlay-Johnson, mwalimu mkuu wa shule ya kijiji cha Sompting kusini mwa Uingereza, aliwaachia wanafunzi wake watunge na kuigiza wenyewe masomo ya historia na jiografia, akisisitiza kuwa mchezo lazima uwe mali ya mtoto. Miaka ya 1920 Winifred Ward, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, alitenganisha maigizo ya kubuni ya darasani na tamthilia rasmi ya jukwaani, ingawa yeye mwenyewe alizipenda zote mbili na aliasisi jumba la maonyesho ya watoto mjini Evanston. Peter Slade, mtaalamu wa maigizo ya watoto wa Uingereza, mwaka 1954 alionya dhidi ya kuwapandisha watoto wadogo kwenye jukwaa la watu wazima mapema mno. Mwenzake Mwingereza, Brian Way, aliliweka jambo hilo waziwazi mwaka 1967: tamthilia kwa sehemu kubwa inahusu mawasiliano kati ya mwigizaji na hadhira, ilhali maigizo ya darasani yanahusu kile anachokipitia mshiriki mwenyewe. Zaidi ya miaka 100 tangu Sompting, tofauti hiyo bado haijaingia katika ratiba za shule nyingi.

Aliyeifikisha mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Dorothy Heathcote. Alizaliwa mwaka 1926, aliacha shule akiwa na miaka 14 akafanya kazi katika kiwanda cha nguo za sufu, kisha akasomea sanaa ya jukwaa na hatimaye akawa mkufunzi wa walimu mjini Newcastle. Mbinu yake iliyojulikana sana ni ya mwalimu kuingia ndani ya uhusika pamoja na wanafunzi. Inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu wengi huidhania kuwa ni mwalimu kujifurahisha mbele ya darasa.

Tuchukulie darasa la watoto wa miaka 10. Mwalimu anawaambia kuwa leo wao ni wazee wa kijiji ambacho mto wake umeanza kukauka. Anawapa dakika chache waamue kila mmoja anafanya kazi gani hapo kijijini na ana nini cha kupoteza mto ukikauka kabisa. Kisha anatoka mlangoni na kurudi, safari hii akitembea kwa uchovu, akisema kwamba yeye ni mjumbe aliyetumwa kupanda mto hadi juu, na kwamba huko amekuta watu wa kijiji cha pili wamejenga ukuta wa mawe kukinga maji. Hapo ananyamaza. Hajui zaidi. Anawauliza wazee afanye nini.

Angalia mwalimu alichokikwepa. Angeweza kuingia kama mfalme, akatoa amri, na darasa likaendelea kutii kama lilivyozoea. Badala yake amejipa cheo cha chini na maarifa machache, na uzito wote umewaangukia watoto. Mmoja atasema twende tukauvunje ukuta usiku. Mwingine atamkatiza kwamba dada yake ameolewa kijiji kile. Wa tatu, labda yule ambaye kwa kawaida hasikiki, atamgeukia mjumbe na kumuuliza ikiwa aliwauliza wale watu kwa nini wamejenga. Mwalimu, bado akiwa mjumbe, anaweza kuinamisha kichwa na kukiri kwamba aliogopa, hakuuliza. Swali lile la mtoto limeligeuza igizo zima. Sasa darasa linalazimika kuwafikiria watu wa ng'ambo, ambao hadi dakika hiyo walikuwa maadui wasio na sura. Na mwalimu mwenye jicho zuri atalisimamisha igizo, aligawe darasa, na kuwapa nusu yao kazi ya kuwa wale waliojenga ukuta.

Kuna jambo jingine la lugha katika tukio hili. Mwaka 1975 wanaisimu John Sinclair na Malcolm Coulthard waliyachambua mazungumzo ya darasani na kukuta mfuatano unaojirudia: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatathmini jibu. Sehemu kubwa ya maswali hayo ni ya ajabu tukiyapima kwa maisha ya nje ya darasa, kwani anayeuliza tayari analo jibu. Mtoto anaweza kumaliza miaka yote ya shule ya msingi akiwa amezungumza darasani kwa sauti moja tu, sauti ya anayejibu. Hajawahi kumkanusha mkubwa kwa adabu, kumliwaza aliyefiwa, kujadiliana bei, kuapa, kutoa ushahidi, kuomba radhi kwa niaba ya kundi. Lugha ina rejista, yaani namna ya kuzungumza inayofaa, kwa kila mojawapo ya shughuli hizo, na rejista hizo hazifunzwi kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi daftarini. Mzee wa kijiji anayemhoji mjumbe anahitaji lugha ambayo mwanafunzi wa kiti cha nyuma hajawahi kuombwa aitumie, na mara nyingi huwa anayo, tena nzuri, ila hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kiswahili chenyewe kinaibeba hali ya igizo ndani ya silabi moja: -nge-. Ningekuwa, ungefanya, tungekwenda. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Kirusi ambaye mafunzo yake yameathiri uigizaji duniani kote, alimtaka mwigizaji aanze na swali la lau: lau ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Mtoto wa miaka 8 hukutana na -nge- kama kanuni ya sarufi. Katika igizo la darasani anaingia ndani yake na kukaa humo kwa nusu saa, akigundua kwamba sharti likibadilika kidogo, na matokeo nayo hubadilika.

Hapa hapana budi kuongeza tahadhari, na ni tahadhari ninayoipa uzito kuliko vipengele vyote vya ufundi. Vygotsky alieleza kwamba mtoto anayecheza mgonjwa hulia kama mgonjwa na wakati huohuo hufurahi kama mchezaji. Hisia mbili hukaa pamoja, na ile ya pili ndiyo inayomlinda. Mwalimu anayemwambia mtoto "kumbuka siku uliyoumia sana ili ulie vizuri" anaubomoa ukuta huo wa kinga. Kuchimba kumbukumbu za uchungu ni njia ambayo hata waigizaji watu wazima hubishana juu yake. Kwa mtoto wa shule ya msingi haina nafasi kabisa. Huzuni ya igizo itoke katika hali iliyobuniwa, katika mto unaokauka na dada aliyeko ng'ambo, na ibaki humo. Kwa sababu hiyohiyo kila igizo linahitaji mlango wa kutokea ulio wazi kama wa kuingilia: watoto wavue uhusika kwa tendo linaloonekana, wakae, wazungumze kwa majina yao wenyewe juu ya yule waliyekuwa. Mtoto aliyeigiza msaliti asiondoke darasani akiitwa msaliti hadi jioni. Mazungumzo haya ya baadaye ndiyo yanayokatwa kwanza muda unapobana, na ndiyo yaliyo na mafunzo mengi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anapolitazama kutoka nje jambo alilokuwa ndani yake dakika chache zilizopita.

Sasa, je, kuna ushahidi kwamba haya yote yanafaa kitu? Upo, lakini si ule unaotangazwa sana. Mwaka 2000 mtafiti Ann Podlozny alichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 80 kuhusu maigizo ya darasani na ujuzi wa lugha. Alikuta kuwa watoto walioigiza hadithi walizielewa na kuzikumbuka vizuri zaidi, na kwamba manufaa yaligusa pia usomaji, uandishi na lugha ya mazungumzo, hata walipopewa matini mapya ambayo hawakuyaigiza. Kwa upande wa msamiati peke yake, matokeo hayakuwa thabiti. Miaka minne baadaye mwanasaikolojia Glenn Schellenberg alichapisha jaribio ambalo nadhani kila mtetezi wa maigizo angepaswa kulijua. Aliwagawa kwa kura watoto 144 wa miaka 6 katika makundi manne: mawili ya muziki, yaani kinanda na uimbaji, moja la maigizo, na moja lisilo na masomo ya ziada kwa mwaka huo. Mwishoni, watoto wa muziki walikuwa wamepanda kidogo zaidi ya wenzao katika vipimo vya akili. Wale wa maigizo hawakuwazidi wenzao katika vipimo hivyo. Walichokipata wao, na makundi mengine hayakukipata, ni kuboreka kwa mwenendo wao katika kuishi na watu.

Nayasema haya kwa makusudi. Watetezi wa sanaa, wakiogopa kwamba somo lao litafutwa, wana mazoea ya kuahidi kuwa maigizo yatapandisha alama za hisabati. Ahadi hiyo ni mtego. Alama zisipopanda, na hakuna sababu nzito ya kutarajia zipande, somo linakuwa limehukumiwa kwa kosa ambalo halikutenda. Kuishi na watu si zawadi ndogo ya kufutia machozi. Mwaka 2012 wanasaikolojia Thalia Goldstein na Ellen Winner walionyesha kuwa watoto wa shule ya msingi waliosomea uigizaji kwa mwaka mmoja walipanda katika kipimo cha kuhisi hali za wengine kuliko wenzao waliosomea sanaa nyingine. Utafiti huo una udhaifu wake, kwani watoto walikuwa wamejichagulia somo wenyewe badala ya kupangwa kwa kura, na inawezekana waliovutwa na uigizaji walikuwa na mwelekeo huo tangu mwanzo. Bado unaelekea upande uleule na jaribio la mwaka 2004. Ukiniuliza shule itetee maigizo kwa hoja gani, nitasema hizi mbili: lugha ya mazungumzo pamoja na uelewa wa hadithi, na mwenendo kati ya mtoto na mwenzake. Zinatosha.

Upo pia upinzani kutoka upande mwingine, na unastahili kusikilizwa. Mwaka 1989 David Hornbrook, mtaalamu wa elimu ya maigizo wa Uingereza, aliwashambulia wafuasi wa Heathcote kwa kuyageuza maigizo kuwa chombo cha kufundishia kila kitu isipokuwa sanaa yenyewe. Alihoji iweje mtoto asome muziki na afundishwe kusikiliza mapigo, asome uchoraji na afundishwe rangi, lakini asome maigizo miaka mingi bila kufundishwa jukwaa ni nini. Nakubaliana naye kwa nusu. Mtoto wa miaka 6 au 7 hahitaji kujua namna ya kuigeukia hadhira. Kumfundisha hivyo ni kumtoa ndani ya igizo na kumfanya ajitazame kwa macho ya wengine kabla hajawa na kitu cha kuonyesha. Ila anapofika miaka 9, 10 au 11, mtoto mwenyewe huanza kutaka kuonyesha, tena kwa ufundi. Hapo sauti inayofika nyuma bila kupiga kelele, ukimya unaosubiriwa, kusikiliza anachosema mwenzako badala ya kungoja zamu yako, ni ufundi unaofundishika na kumwacha mtoto bila huo ni kumdharau.

Swali ni namna ya kuufundisha bila kurudi kwenye kuiga. Jibu zuri ninalolijua ni la Viola Spolin, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, ambaye michezo yake ya uigizaji ilianzia katika kazi aliyoifanya na watoto wa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuchapishwa mwaka 1963. Yeye hakumwonyesha mwigizaji jinsi ya kufanya. Alimpa tatizo la kutatua: bebeni kwa pamoja kioo kikubwa kisichokuwepo, mkipitishe mlangoni, kisivunjike. Mtoto anayeshughulika na uzito wa kioo hana nafasi ya kufikiri kama anapendeza. Mwalimu husimama pembeni akitupia maneno mafupi wakati mchezo unaendelea, "hisi ukingo wake", "mtazame mwenzako", bila kuusimamisha na bila kusifu wala kukemea. Spolin aliamini kuwa mtoto anayeigiza kutafuta sifa ya mwalimu ameshaacha kuigiza, na hapo naona alilenga penyewe.

Kwa msingi huo sioni sababu ya kufuta onyesho la mwisho wa mwaka. Nataka litoke darasani badala ya kulivamia darasa. Wazee wa kijiji na watu wa ukuta wa mawe wakikutana kwa wiki sita, watakuwa na mazungumzo waliyoyabuni papo kwa papo, ambayo mwalimu anaweza kuwasaidia kuyachuja na kuyaandika. Maneno ya mchezo yatakuwa yao, na mtoto akisahau mstari jukwaani hatasimama akitetemeka, kwa sababu anajua mzee wake angesema nini hata kwa maneno mengine. Uhusika mkuu unaweza kugawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja akiubeba katika onyesho moja, na kitambaa kilekile cha begani kikipokezanwa ili hadhira isipotee. Yule asiyesema kwa ufasaha apewe uamuzi mzito badala ya maneno mengi: ndiye anayeondoa jiwe la kwanza. Mwenye sauti kubwa apewe mtu mnyamavu amtafakari. Maleba, yaani mavazi ya uigizaji, na mandhari ya gharama ndiyo ya mwisho kufikiriwa, na si hasara yakikosekana.

Vikwazo vilivyobaki ni vya kawaida: madarasa makubwa, madawati yasiyosogezeka, mitihani. Picha tuli, ambapo watoto wanne wanasimama kama sanamu kuonyesha dakika moja ya hadithi huku wengine wakiisoma miili yao, hufanyika hata katika nafasi kati ya dawati na ubao. Mjumbe anaweza kuhojiwa na darasa zima likiwa limekaa. Kikwazo ninachokiona kikubwa ni mwalimu ambaye hajawahi yeye mwenyewe kuvaa uhusika, aliyefunzwa kuyahusu maigizo kwa maelezo na kuyafanyia mtihani wa maandishi. Anaogopa, na hofu yake ni ya haki, kwamba akishuka kwenye cheo chake hata kwa dakika tano hatakipata tena. Vyuo vya ualimu vingepaswa kumpitisha mle mle atakamowapitisha watoto: ahojiwe akiwa mjumbe, akwame, akose jibu, kisha azungumze juu ya alichokihisi.

Kwa anayeanza peke yake kesho, dakika kumi zinatosha. Achukue kitambaa, awaambie watoto kwamba akikivaa begani yeye ni mtu mwingine, na akikivua amerudi kuwa mwalimu wao. Akivae, akivue, akivae tena, ili wote waone kwamba mlango unafunguka pande zote mbili. Kisha aketi, kitambaa kikiwa begani, aseme tu kwamba ametembea tangu alfajiri na ana habari za mto, na asubiri bila kuongeza neno mpaka mtoto wa kwanza aulize.